Taarifa za Ndani si Ujira

Henry Manne, msomi wa sheria wa Marekani, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1966 kwamba kuuza au kununua hisa kwa taarifa za ndani, yaani habari za kampuni ambazo umma haujazipata, ni ujira unaowafaa wabunifu na tena huisaidia bei kuukaribia ukweli mapema. Hoja hiyo, ambayo bado ina wafuasi, inasahau kwamba habari mbaya humfaidi mwenye kuijua sawasawa na habari njema, hivyo ujira huo humlipa hata aliyeizamisha kampuni, na mlipaji ni mnunuzi asiyejua kitu.

Tangu mwaka 2000 kanuni za Marekani huwakinga viongozi wa kampuni wanaouza hisa kwa mpango ulioandikwa kabla ya kuipata taarifa ya ndani. Mkurugenzi mkuu wa Silicon Valley Bank, benki ya kampuni changa za teknolojia, aliweka mpango kama huo Januari 26, 2023, akauza hisa za takriban dola milioni 3.6 Februari 27, na Machi 10 benki ikafungwa. Kanuni mpya inayowataka viongozi wasubiri angalau siku 90 kati ya mpango na mauzo ilianza kutumika siku ileile ya mauzo. Uhalali, basi, ni kipimo chepesi mno.

Wanaoziita hasira za umma dhidi ya utajiri wa teknolojia husuda tupu wamepatia jambo moja tu: waliozuia basi la wafanyakazi wa Google mjini San Francisco mwaka 2013 waliwakabili waajiriwa, ambao kwa kawaida sehemu ya hisa zao hukatwa mara wanapozipokea ili kulipia kodi, si wale wanaojichagulia siku ya kuuza.