Komisyonere, acha watoto wa Kinkondja wamalize masomo

Wandugu vijana wa Kamina, wa Bukama na wa Lubumbashi, na ninyi watoto wa Kinkondja mliotawanyika mijini na mnaotusoma kwenye simu:

Tunaandika juu ya jambo linalofanyika kimya-kimya ndani ya familia zetu. Kijana wa miaka 16 au 17 anarefuka kuliko wenzake, anaanza kucheza basketi vizuri kidogo, na haipiti muda komisyonere anajitokeza. Amevaa safi, ana picha nyingi kwenye simu. Anaketi na papa na mama, anawaambia: mtoto huyu ni dola, bana. Mtoeni kwenye enstituti hii ya hapa, mimi nitamtafutia shule ya prepu kule Marekani, miaka 2 tu mtamuona kwenye televizyo. Kisha anataja bei ya dosye. Familia inauza mtumbwi, inauza nyavu, inakopa kwa wachuuzi wa samaki wa Bukama. Njo vile inaendaka.

Sisi tunasema hapana. Na tueleweke vizuri, kwa sababu tayari kuna wanaotuita wenye wivu: hatukatazi mtu kuondoka. Nani kati yetu hajaota kuondoka? Tunachokataa ni mtoto kutolewa darasani mwaka mmoja au miwili kabla ya Egzeta, akatiwe miaka yake, apewe mtu ambaye familia haijui hata anapolala.

Wanaotetea komisyonere wanapenda kutaja majina. Sawa, tuyataje, lakini tuyataje yote na tuyaseme mpaka mwisho.

Dikembe Mutombo, aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024 na ambaye nchi nzima ilimlilia, alisoma Enstituti Boboto pale Kinshasa. Shule ya hapa kwetu, si prepu. Aliondoka mwaka 1987 akiwa na miaka 21, masomo ya sekondari ameyamaliza, na kilichompeleka chuo kikuu cha Georgetown ni basi ya masomo ya USAID. Alitaka kuwa daktari. Alifika kule na karatasi zake mkononi. Alitoka na digrii, akacheza NBA misimu 18, akajenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake. Ukimuuliza komisyonere habari ya Boboto, anageuza maneno.

Bismack Biyombo ni mtoto wa Lubumbashi. Yeye hakupita prepu yoyote ya Marekani. Alipita Yemen, akapita Hispania, klabu ya Fuenlabrada, na mwaka 2011 akachaguliwa namba 7. Msimu wa 2021-22 alitoa mshahara wake wote, zaidi ya dola milioni 1, kujenga hospitali kwa kumbukumbu ya baba yake. Huyo tunamheshimu sana. Lakini njia ya Yemen si njia, ni bahati, na hakuna mzazi mwenye akili anayeweza kuipanga.

Oscar Tshiebwe pia ni wa Lubumbashi, na hadithi yake ndiyo inayotufaa zaidi. Alifika Marekani kijana mdogo, akaanzia Mountain Mission School, shule ndogo ya milimani huko Virginia inayopokea watoto wenye shida. Baadaye akaenda Kennedy Catholic, shule ya Wakatoliki katika mji mdogo wa Pennsylvania, na mwaka 2019 wakachukua ubingwa wa jimbo lile. Si kiwanda cha wachezaji chenye jina kubwa. Shule tu, yenye walimu na misa. Mwaka 2022 akiwa Kentucky alipewa zawadi za mchezaji bora wa vyuo vikuu vyote vya Marekani. Alikuwa anashika ribaundi 15 kwa mechi. Halafu? Mwaka 2023, siku ya kuchagua wachezaji wa NBA, jina lake halikutajwa. Bora wa nchi nzima, na timu zote 30 zikampita. Alilazimika kuingilia mlango mdogo, kwa mkataba wa nusu. Sasa huyu mtoto wako wa Kinkondja ambaye mpaka leo anacheza juu ya vumbi, komisyonere ameona nini kwake ambacho wale hawakukiona kwa Tshiebwe?

Na Jonathan Kuminga wa Goma, ndiyo, huyo alipita prepu. Huntington Prep huko West Virginia, kisha shule nyingine New York, kisha Patrick School huko New Jersey. Shule 3 katika majimbo 3, na yote kabla ya kutimiza miaka 18. Alifaulu: namba 7 mwaka 2021, bingwa wa NBA mwaka 2022. Lakini angalia vizuri, hakupita chuo kikuu hata siku moja. Kwa mwenye kipaji cha namna ile, kuhamahama hakukuua kitu. Kwa wa pili wake, wa kumi wake, wa mia wake, kunaua. Hapa ndipo tunataka mtusikilize kwa makini, kwa sababu komisyonere haelezagi hili, ama hajui, ama anajua sana.

Mlango wa NBA ni mwembamba: kwa mwaka hawachaguliwi zaidi ya watu 60, dunia nzima. Mlango mpana ni vyuo vikuu. Vile vya daraja la kwanza kwa basketi vinapita 350, na vinalipia masomo, chakula na kitanda. Hiyo ndiyo basi ya kweli, hata kwa kijana ambaye hataonekana kwenye televizyo kamwe. Lakini vyuo hivyo viko chini ya chama kinachoitwa NCAA, na NCAA inasoma karatasi kabla ya kutazama urefu. Inataka masomo ya msingi 16: Kiingereza, hesabu, sayansi na mengine. Inataka 10 kati ya hayo yawe yamekwisha kabla ya mwaka wa mwisho. Na inahesabu miaka 4 tangu kijana alipoanza darasa la 9, popote duniani alipolianzia. Kwetu hapa hesabu hiyo inaanza pale kwenye humanités ya kwanza.

Sasa elewa ujanja. Komisyonere anamchukua kijana wa humanités ya tatu, anamwambia: kule tutakurudisha darasa la 9 au la 10, tutapunguza miaka yako 2, utaonekana mdogo na mkubwa kwa mwili, makocha watakufa kwa kukutaka. Inapendeza masikioni. Kumbe saa ya NCAA haikurudi nyuma pamoja naye. Imeendelea kuhesabu tangu Kinkondja. Kijana anafika mwisho, mrefu, amejifunza kuruka, halafu ofisi inamwambia: masomo yako mengi yamefanywa nje ya muda. Na buletini zake za huku zina tarehe moja ya kuzaliwa, pasporo ina nyingine. Nani atakayemtetea? Komisyonere amebadilisha namba ya simu.

Kuna vijana wanaotuuliza: basi, kama prepu zina hatari, si niende kule kule lakini kwenye shule ya kawaida ya mtaa, ile ya Serikali, ya bure? Swali zuri, na jibu lake linauma. Sheria ya Marekani haimruhusu mgeni mwenye viza ya mwanafunzi kukaa shule ya sekondari ya Serikali zaidi ya miezi 12, na hata hiyo miezi 12 ni lazima alipie gharama yote. Kwa Mmarekani kuchagua kati ya prepu na shule ya mtaa ni kweli kuchagua: akishindwa hapa, anarudi nyumbani kwa mama yake, anaendelea. Kwa mtoto wetu hakuna kuchagua. Shule ya binafsi iliyomwandikia karatasi ya I-20 ndiyo imeshika viza yake. Ikimfukuza kwa sababu goti limevunjika, viza imevunjika pia. Ikifungwa, ameanguka nayo.

Na zinafungwa, bana. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa aliyefika Texas na familia yake wakikimbia vita, alisoma Prime Prep huko Dallas. Kulikuwa na maswali mengi juu ya masomo ya shule ile. Yeye mwenyewe akaacha chuo kikuu alichokuwa amekubali, akaenda kucheza China mwaka 2014. Januari 2015 shule ikafunga milango, katikati ya mwaka. Mudiay alikuwa na mama na kaka zake karibu, na alikuwa na kipaji cha namba 7. Mtoto wako atakuwa na nani? Tena huko Charlotte, North Carolina, mwaka 2018 mkuu wa shule moja ya binafsi alikiri mbele ya tribinali kwamba alikuwa akidanganya Serikali juu ya wachezaji wa kigeni, kama 75, walioandikwa kuwa wanasoma kwake na hawakuwa wakisoma kwake. Walikuwa wapi? Wametawanywa, kila mmoja kwa kocha wake. Hawa walikuwa watoto wa watu.

Hatusemi prepu zote ni za wezi. Ziko nzuri, zenye walimu wa kweli. Tunasema tu kwamba mtu aliyeketi kwenye kitanda cha mvuvi kando ya ziwa Kisale hana njia ya kutofautisha, na komisyonere anaishi kwa huko kutotofautisha.

Tunajua kinachokuja. Mnatuandikiaga kila mara: ninyi na lisanse zenu, diploma imewapa nini? Mnashinda mkitafuta megabaiti, mnawaambia wadogo wakae darasani ili wawe mashomeri kama ninyi. Haki yenu kuuliza. Ni kweli, tunazo lisanse na hatuna kazi. Wengine wetu wanauza kredi ya simu pale gare ya Kamina, wengine wanasaidia wajomba kupima samaki. Lakini ukosefu wa kazi si kosa la diploma. Ni kosa la wale wanaogawana nafasi kwa jamaa na kwa chama. Na kuna tofauti moja ambayo tumeiona kwa macho: sisi shomeri wenye Diploma ya Serikali, nafasi yoyote ikitokea, basi ya masomo, konkuri, hata hiyo Marekani, dosye yetu inapokelewa dirishani. Rafiki zetu waliotolewa shule kwa ajili ya mpira, wakaishia kwenye chumba cha kupanga katika mji wa nchi jirani wakingoja viza, leo wana miaka 24, hawana mpira, hawana Egzeta. Hawapokelewi dirisha lolote.

Na wasichana? Hakuna komisyonere hata mmoja aliyewahi kuja kuuliza msichana mrefu. Wao wanaulizwa mahari. Tutaliandika hilo siku nyingine, peke yake, kwa sababu linastahili hasira yake.

Lakini pia tusimtupie komisyonere mzigo wote. Anafaulu kwa sababu shule ya hapa imeachwa ife. Tangu Septemba 2019 tunaambiwa masomo ni bure. Ni bure shule ya msingi, sekondari mzazi bado analipa, na juu ya hiyo analipa mchango wa kumtia mwalimu moyo, kwa sababu wako walimu wanaofundisha miaka na Serikali haijawaingiza kwenye orodha ya mishahara. Wanaitwa NU, vitengo vipya, na ni wapya mpaka wanazeeka. Mwalimu akigoma, mtoto anarudia mwaka. Na mwaka uliorudiwa, tumeshaeleza hapo juu, saa ya NCAA inauhesabu. Kwa hiyo mgomo wa Oktoba huku unaweza kufunga mlango wa chuo kikuu kule. Hili hakuna mbunge wa Haut-Lomami aliyewahi kulisema, na sisi hatuna uhakika kama wanalijua.

Mwaka 2025 Serikali yetu iliandika mkataba na FC Barcelona ili jina la nchi lionekane kwenye mavazi ya wachezaji: zaidi ya milioni 40 za euro kwa miaka 4. Milioni 40 kwa mavazi ya watu wengine! Tunachoomba sisi kinaitwa simenti. Kiwanja kimoja cha basketi, pete 2, mipira 10, katika kila enstituti kubwa ya kandokando ya Kisale na Upemba, na mshahara wa mwalimu mmoja wa michezo. Lubumbashi ina klabu. Espoir Fukash ilifika mpaka ligi ya Afrika, BAL, mwaka 2022. Kwa nini makocha wa Lubumbashi wasije kuwaangalia watoto Kamina mara 2 kwa mwaka, mbele ya maprefe na wazazi, mchana, bila mtu wa katikati? Reli ipo, hata kama treni inachelewa siku 3.

Kwa prefe wa kila shule tunasema: usimpe mtu wa nje buletini za mwanafunzi. Mpe mzazi, na mzazi atie sahihi. Kwa ofisi ya raia: anayekuja kuomba cheti kipya cha kuzaliwa kwa mtoto aliye humanités ya tatu, muulizeni kile cha zamani kimepotelea wapi. Kwa vijana wenyewe, ninyi wenye urefu: Egzeta kwanza. Ni mwaka mmoja au miwili. Mutombo aliondoka na miaka 21 na haikumchelewesha.

Na kwa familia ambazo tayari zina barua mkononi, zile zenye mihuri ya rangi na Kiingereza kingi: msilipe, msitie sahihi, msiuze mtumbwi. Zipigeni picha, mzilete kwa vijana wetu, iwe Kinkondja siku ya soko au Kamina siku yoyote. Tutatafuta jina la shule, tutaandika kwa shule yenyewe, tutapiga simu. Kati yetu kuna wanaosoma Kiingereza na kuna waliosomea sheria. Hatulipishi kitu, na muda tunao, kwa kuwa kazi hatuna.