Kolwezi: Usawa wa rangi kazini wakwama kwenye mkataba

Kwenye migodi ya shaba na kobalti inayozunguka Kolwezi, wafanyakazi wawili Wakongomani wanaweza kuendesha mtambo mmoja kwa zamu, wakivaa kofia na buti za aina moja. Mmoja ameajiriwa na mgodi wenyewe. Mwingine ameletwa na kampuni ya ukandarasi, kwa mkataba wa muda mfupi. Anayewasimamia mara nyingi ni mgeni, kutoka China, Ulaya au Afrika Kusini, mwenye nyumba na matibabu ya kampuni.

Si kwamba Kongo haina sheria. Ubaguzi wa rangi na wa kabila ni kosa la jinai tangu 1966. Sheria ya Kazi ya 2002, kifungu cha 62, inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya rangi yake. Kifungu cha 86 kinasema kazi ikiwa sawa, ujuzi sawa na matokeo sawa, mshahara uwe sawa, bila kujali mtu ametoka wapi.

Tatizo ni kwamba anayedai usawa lazima awe na wa kujilinganisha naye. Kila mwajiri ana ngazi zake za mishahara, na katika kampuni ya ukandarasi karibu wote ni Wakongomani. Mgeni hayumo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo karatasi haionyeshi ubaguzi wowote, ingawa mgodini kila mtu anauona.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2021 shirika la Uingereza RAID na wanasheria wa CAJJ wa Kolwezi walitoa ripoti baada ya kuzungumza na wafanyakazi zaidi ya 130. Ilionyesha kwamba katika migodi mitano mikubwa, zaidi ya nusu ya wafanyakazi walipitia ukandarasi. Wengine walisimulia matusi na hata vipigo kutoka kwa wasimamizi wa kigeni.

Sheria ya ukandarasi ya 2017 ilitaka kuwanufaisha Wakongomani: kazi hizo zipewe kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa wazalendo. Imesaidia wenye kampuni. Mshahara wa anayebeba koleo haikuugusa.

Wazee wa Katanga wanaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Chini ya Union Minière, ngazi za Wazungu na za weusi zilitenganishwa wazi. Desemba 1941 wafanyakazi weusi waligoma Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai nyongeza, wakapigwa risasi na askari. Angalau wakati ule mwajiri alikuwa mmoja, na mgomaji alijua mlango wa kugonga.

Leo migodi ingeweza kuandika kwenye mikataba yake na wakandarasi kwamba kazi ile ile italipwa kiwango kile kile, na wakaguzi wa kazi wakapewa orodha zote mbili wazilinganishe. Sendika zingekuwa za kwanza kulidai, lakini wajumbe wake huchaguliwa kampuni kwa kampuni. Mfanyakazi wa mkandarasi hapigi kura kwenye mgodi anaoutolea jasho.