Saa za Fundi Zihesabiwe Kabla ya Saini

Mhandisi anayetia saini ratiba ya kuchomelea mabomba makubwa ya chuma bila kuhesabu saa za kazi amevunja wajibu wake siku hiyo hiyo, fundi akiwa bado hajawasha mashine. Tunalisema hili kwa ukali kwa sababu ratiba hizi mara nyingi huandikwa kinyumenyume. Tarehe ya uzinduzi hutangazwa kwanza mbele ya umati, kisha mkandarasi huachiwa wiki zilizobaki ajue mwenyewe atakavyobana kazi.

Eneo letu la Meru na Embu halina haki ya kulichukulia jambo hili kijuujuu. Kwenye Mto Tana, mpakani mwa Embu na majirani zake, pana vituo vitano vya umeme: Kindaruma cha 1968, Kamburu cha 1974, Gitaru cha 1978, Masinga cha 1981 na Kiambere cha 1988. Gitaru pekee kina uwezo wa megawati 225. Kule Meru, kiwanda cha chai cha Imenti kina kituo chake kidogo cha umeme wa maji. Kila mahali maji yanaposhushwa kwa bomba kutoka miinuko ya Mlima Kenya, kila mita 10 za kimo cha mteremko huongeza takriban baa moja ya shinikizo. Mita 100 ni baa 10 zinazosukuma ukuta wa bomba usiku na mchana. Bomba likiwa pana na mteremko ukiwa mrefu, ukuta sharti uwe mnene, na mshono usiwe dhaifu kuliko ukuta wenyewe.

Basi hesabu ifanywe. Chukua bomba la kipenyo cha mita 1.2 lenye ukuta wa milimita 25. Mzingo wake ni karibu mita 3.8. Kingo zikichongwa kwa umbo la V la nyuzi 60 na kuachiwa mwanya wa milimita 3, kiungo kimoja kitahitaji takriban kilo 14 za chuma cha kujazia. Rodi ya milimita 4 huweza kutoa kilo moja na nusu kwa saa, iwapo moto hauzimiki. Lakini moto huzimika. Fundi hubadilisha rodi, hugonga maganda, husaga kwa grainda, hulala chali kuufikia upande wa chini, husubiri joto lishuke. Muda ambao moto unawaka kweli hukaribia robo tu ya zamu yake. Kwa hiyo anaweka kama gramu 400 kwa saa, na kiungo hicho kimoja kinamla saa 35. Wakiwa wawili, kila mmoja upande wake, ni saa 18 hivi, na hapo bado hatujagusa kulinganisha bomba, kulipasha joto wala kulikagua.

Ukuta ukifika milimita 50, anayekisia ataandika kazi mara mbili. Amekosea vibaya. Mfereji wa V hutanuka kadiri kina kinavyoongezeka, hivyo chuma cha kujazia huzidi mara tatu na nusu. Mhandisi makini anaweza kuchagua mchongo mwembamba zaidi na kuokoa kilo nyingi, ila uamuzi huo hufanywa kwenye michoro na kwa mashine ya kuchonga. Haufanywi mtaroni, fundi akiwa ameshapiga magoti.

Saa zinazoibwa kwa urahisi zaidi ni zile ambazo mtazamaji huona watu wamekaa tu. Chuma kinene hunyonya joto la mshono upesi. Kisipopashwa kwanza, mshono hupoa ghafla na kuwa mgumu wa kupasuka. Unyevu uliomo kwenye rodi nao huleta haidrojeni, na ufa wake huweza kujitokeza mshono ukiwa umeshapoa, hata baada ya siku mbili. Ndiyo sababu kwa vyuma vyenye hatari hiyo ukaguzi husubiri saa 48. Msimamizi anayeleta mkaguzi jioni ile ile ili apate karatasi ya kuonyesha anaukagua mshono ambao huenda haujamaliza kupasuka. Na mvua za Oktoba hadi Desemba zinafahamika na kila mkulima wa Imenti na Manyatta. Ratiba isiyotenga turubai, jiko la kukaushia rodi na siku za kusimama imeandikwa na mtu asiyetaka kujua.

Tunawatetea mafundi, lakini hatuwapambi. Cheti cha NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ni mwanzo mzuri, ila hakithibitishi kwamba mkono uliozoea mageti na madirisha katika karakana za jua kali utaweza bomba nene lisilozungushwa. Kila fundi apimwe kwa unene ule ule na mkao ule ule wa kazi, na siku za kipimo hicho zilipwe na ziwemo kwenye ratiba. Vyuo vyetu, Meru National Polytechnic kikiwemo, viwafundishe wanafunzi kukadiria kilo na saa kwa uzito ule ule wanaofundishwa kushika rodi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri usalama wa watu wake. Kumlazimisha mtu ajaze tabaka juu ya tabaka usiku kucha ndani ya bomba lenye moto na moshi ni kuuvunja wajibu huo, hata kama hakuna aliyezimia.

Tunadai kwamba zabuni yoyote ya mabomba ya aina hii katika Meru na Embu isitiwe saini bila jedwali la viungo: idadi yake, kilo za kila kimoja, saa za fundi, saa za kupasha na kusubiri, muda wa ukaguzi, na akiba ya kukata na kurudia mishono itakayokataliwa. Jedwali hilo libebe jina la mhandisi aliyelikadiria na libandikwe kwenye eneo la kazi, mafundi walisome. Fundi atakayelinyooshea kidole na kukataa kuendelea kabla saa hazijatimia asifukuzwe.