Ukija Dar kwa derby, usilale unakoshukia

KILA Simba na Yanga zikikaribia, simu yangu haipoi. Wanaopiga ni watu wa nyumbani, Mabamba kule Kibondo, mpakani kabisa na Burundi. Hawaulizi nani ataanza golini wala nani majeruhi. Swali ni moja tu: “Mdogo wangu, tukifika Dar tulale wapi?”

Wengi huwa wameshapata jibu kabla hawajapiga. Wapo wanaotaka Mbezi kwa sababu basi linaishia pale, stendi ya Magufuli. Wengine wanataka Kariakoo, maana Msimbazi ipo pale na Jangwani ni pua na mdomo. Na wapo wenye shemeji Gongo la Mboto, wanasema kwa nini tulipe gesti wakati ndugu tunaye?

Mimi nasema hivi: kama umekuja kwa ajili ya mechi, lala upande wa uwanja. Temeke, Chang'ombe, Keko, hata Tandika. Usichague mtaa kwa kuangalia unavyofika, chagua kwa kuangalia utakavyorudi kulala baada ya mechi.

Hili nimejifunza kwa miguu yangu. Mei 2021 nilikuja na baba yangu mdogo, Mwananchi wa damu, aliyeuza maharage yake ili siku moja aache kuiona derby kwenye kibanda umiza. Tulitoka Alhamisi, basi likalala njiani, Ijumaa tukashuka Mbezi tukiwa hoi. Tukachukua gesti ya kwanza tuliyoiona. Kesho yake, Jumamosi ya Mei 8, tukavuka jiji zima, zaidi ya kilomita 20, hadi kwa Mkapa.

Kilichotokea kila mtu anakijua. Mechi ilikuwa saa 11 jioni, siku hiyohiyo ikasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja kwa muda wa zamani, wakaondoka. Simba wakaja kwa muda mpya. Mpira haukuchezwa.

Fikiria sasa uwanja wa watu 60,000 unamwagika usiku kwa wakati mmoja, kila mtu ana hasira na anagombea usafiri. Bodaboda wanataja bei wanayotaka. Tuligombania daladala, tukashuka, tukagombania nyingine. Karibu saa sita usiku tukafika Mbezi, baba mdogo hana simu wala kofia. Mechi ilikuja kupigwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0. Baba mdogo aliiona palepale kwenye kibanda umiza, Mabamba.

Mtu atasema hiyo ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Si kweli. Machi 8, 2025 derby iliahirishwa siku yenyewe ya mechi, baada ya Simba kugoma wakidai walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani. Mashabiki wa mikoani walishafika. Ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Aliyetoka Kigoma au Kagera angerudi tena kwa nauli ipi?

Ndiyo maana nasema mtaa wa kulala si jambo dogo. Ratiba ikigeuka, aliyelala Chang'ombe anatembea kwa miguu hadi chumbani, anaoga, anasubiri taarifa. Saa zikisogezwa, anarudi kujilaza kidogo. Aliyelala Mbezi hana pa kwenda, anakaa juani na begi mgongoni.

Sisemi Kariakoo usifike. Derby bila kupita Msimbazi na Jangwani haijakamilika. Nenda mchana, piga picha, nunua jezi, tania watani. Lakini ni mtaa wa biashara, una pilikapilika tangu alfajiri, na mgeni mwenye begi anaonekana kutoka mbali. Jioni rudi zako Temeke.

Na shemeji wa Gongo la Mboto? Kamsalimie Jumapili. Kumgongea mtu mlango saa saba usiku ukiwa umefungwa mabao si undugu huo.

Mambo mengine ni madogo ila yanauma. Lipa gesti usiku mmoja mmoja, usilipe siku zote kwa pamoja. Chagua iliyo karibu na barabara kubwa yenye taa. Usikate tiketi ya basi la alfajiri baada ya mechi; lala Temeke Jumamosi, Jumapili hamia Mbezi, Jumatatu uondoke umepumzika. Na kama mechi imeangukia msimu wa Sabasaba, wahi mapema, kwa sababu maonyesho yako jirani tu na uwanja na wageni ni wengi.

Viongozi wa matawi ya mikoani nao waamke. Mnakodi basi, mnashona fulana, mnanunua mavuvuzela, halafu mkifika Dar kila mtu na lwake. Mtangulizeni mtu mmoja siku mbili kabla, akashike vyumba kumi Temeke kwa bei ya maelewano. Hilo nalo ni tawi kufanya kazi.

Baba mdogo anataka kuja tena. Safari hii hajaniuliza tulale wapi. Ameuliza tu kutoka gesti hadi getini ni hatua ngapi.