Mafuriko ya miaka 25 hayasubiri miaka 25

Mvua imerudi huku Tabaka na kalavati la njia ya machimbo ya mawe ya sabuni limezidiwa tena. Malori yamekwama, watoto wanazunguka mbali kwenda shule. Mzee mmoja akaniambia, "Kijana wangu, injinia alisema hili ni la mafuriko ya miaka 25, na hata mitano haijaisha!"

Injinia hakudanganya. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 4 maji yafike kiwango hicho au yakipite. Mvua haina kumbukumbu. Kila mwaka hesabu inaanza upya. Chukua kikokotoo: 1 − 0.96^5 = 0.18. Miaka mitano tu, asilimia 18! Weka 25 mahali pa 5, upate 64. Ukijenga la mafuriko ya miaka 100, hiyo 64 inashuka hadi 22.

Tena vipimo vyenyewe ni vya lini? TRRL East African Flood Model, njia mashuhuri ya kukadiria mafuriko kwetu, ilitolewa 1976. Sisi waandishi wa programu tunajua: data ya zamani hutoa jibu la zamani.

Ombi langu ni moja. Ubao wa mradi unaoonyesha gharama na mkandarasi uandikwe pia: mafuriko ya miaka mingapi, kwa mvua ya miaka ipi. Lori linaweza kungoja maji yapungue. Mtoto je?