Mpiga Tarumbeta na Mwalimu Wake

Wako vijana katika bendi za jeshi na polisi ambao hawataki kuishia kwenye gwaride. Wanatamani kuketi siku moja katika okestra kubwa, nao hutuuliza njia iendayo huko. Tunawajibu kwamba njia ipo, ila ni nyembamba mno, na hatua ya kwanza ni kumpata mwalimu afaaye.

Adolph Herseth wa Marekani alipiga tarumbeta katika bendi ya jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha alikwenda Boston, akasoma kwa watu waliokuwa wakipiga chombo hicho hicho katika okestra ya mji ule. Mwaka 1948 Okestra ya Chicago ilimchukua awe mpiga tarumbeta wake wa kwanza, akakikalia kiti hicho hadi mwaka 2001. Askari wetu na wapige hesabu: kiti kimoja, mtu mmoja, miaka 53. Kwa hiyo mwalimu amwahidiye kila mwanafunzi kiti, huyo anauza ndoto, nasi hatuoni haya kumwita mlaghai.

Mwalimu wa kweli hujulikana kwa wanafunzi wake. Ulizeni waliopita mikononi mwake wako wapi leo, na wanapiga wapi. Kisha mwombeni somo moja la majaribio kabla ya kulipa ada ya muhula mzima. Akisikiliza kwa makini, akaitambua kasoro ya pumzi au ya midomo, na akaonyesha namna ya kuirekebisha, mrudieni. Akikaa kusimulia sifa zake mwenyewe, muageni kwa heshima. Tena awe mpigaji wa chombo chenu. Fundi wa piano, hata awe hodari namna gani, si wa kumfundisha mtu kupuliza.

Yako mambo ambayo bendi haifundishi. Gwarideni twataka sauti ifike mwisho wa uwanja. Katika okestra mpiga tarumbeta huweza kukaa kimya muda mrefu akihesabu mapigo, kisha akaingia peke yake kwa sauti ndogo, bila kukosea. Hutakiwa pia kusoma noti zilizoandikiwa tarumbeta ya ufunguo mwingine na kuzigeuza papo hapo. Na siku ya usaili, okestra nyingi za Ulaya na Marekani humweka mpigaji nyuma ya pazia katika duru za mwanzo. Cheo, kabila, wala barua ya mkubwa havimfai kitu hapo. Husikika sauti ya chombo tu.

Kwa wakuu wa vikosi tuna ombi moja. Palipo na desturi ya kuvifungia vyombo ghalani mara gwaride likwishapo, koplo mwenye kipaji hana cha kujizoezea hadi sherehe ijayo, na midomo ya mpiga tarumbeta hulegea kwa siku chache tu. Atie sahihi, achukue chombo Ijumaa jioni, akirudishe Jumatatu asubuhi.