Sufuria ya Pilau Tumeifunga, Mtoto Je?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ama baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ndugu zangu katika imani, leo nina neno na wazazi wenye magari makubwa ya safu tatu. Ni neno chungu, lakini kunyamaza ni uchungu zaidi.

Tazameni gari linavyotoka mtaani siku ya Idd au ya walima, liwe linatoka Kampala kwenda Jinja, Kigali kwenda Huye au Bujumbura kwenda Gitega. Mbele amekaa baba, na kando yake mama amempakata mtoto mchanga. Safu ya kati ina mashangazi na watoto mapajani. Safu ya tatu, watoto watano wamebanana mahali pa watatu, mmoja amesimama anapunga mkono kwenye kioo. Nyuma yao kuna sufuria ya pilau, imefungwa kamba na kukazwa kwa kitambaa isije ikamwagika. Katika gari zima, kilichofungwa sawasawa ni pilau!

Ukiwauliza wenye gari, utapewa majibu manne. Tuyapime moja baada ya jingine.

La kwanza: "Ajali ni kudra ya Allah." Naam, hakuna Muislamu anayekanusha kudra. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni, alishauriana na masahaba kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Allah. Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye kudra ya Allah kwenda kwenye kudra ya Allah. Je, imani yetu imeizidi ya Umar? Anayesema kudra huku mlango wa nyumba yake una makufuli mawili, huyo hategemei Allah. Anatafuta kisingizio.

La pili: "Mama yake amemshika." Ndugu yangu, mapenzi ya mama hayana mfano, lakini mikono yake ina kikomo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 huvuta kwenda mbele kama mzigo wa kilo 200 hivi. Hiyo ni mifuko minne ya saruji. Nani ataishika kwa mikono? Kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi. Na wale wanaomfunga mtoto pamoja na mama kwa mkanda mmoja, wanamfanya mtoto awe mto wa kubanwa kati ya mkanda na mwili wa mtu mzima.

La tatu: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Ajabu! Gari si la Kizungu, ila kiti cha mtoto ndicho cha Kizungu? Mengi ya magari haya tunayanunua yakiwa yametumika Japani, na huko sheria inamtaka mtoto wa chini ya miaka sita akae kwenye kiti chake tangu Aprili 2000. Tumeagiza gari, rimu na redio, kiti cha mtoto tukakiacha ng'ambo. Kisha someni tena kisa cha mama yake Nabii Musa (a.s.) katika Surat Taha. Aliahidiwa na Mola wake kuwa mwanawe atarejeshwa, na hata hivyo hakuamrishwa kumtupa mtoni hivi hivi. Aliamrishwa amweke ndani ya sanduku kwanza. Ahadi ilikuwapo, na sanduku likawapo.

La nne: "Ni ghali." Kwa asiye na uwezo, Allah haikalifishi nafsi zaidi ya iwezavyo, naye aanze na alichonacho: kila mtoto nyuma, kila mtoto na mkanda wake, pasiwe na wa ziada. Lakini mwenye uwezo wa gari la safu tatu, aliyelibadilisha rimu na kulitia muziki, asituambie habari za ughali.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo kwa asilimia 60. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia yetu. Basi tufanyeje?

1. Mtoto mchanga akae safu ya kati, kwenye kiti kinachoangalia nyuma, maana kichwa chake ni kizito na shingo yake bado dhaifu. Abaki hivyo angalau hadi miezi 15, na kuzidi ni bora. Kamwe kiti hicho kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifumuka humpiga mtoto kichwani.

2. Pitisha vidole kati ya mgongo wa kiti cha gari na pale pa kukalia. Ukikuta vyuma vya ISOFIX, basi kiti kilichotengenezwa kwa vyuma hivyo kitashikwa hapo. Mara nyingi vipo safu ya kati tu, tena pembeni. Visipokuwapo, tumia mkanda wa gari kwa njia iliyochorwa kwenye kiti. Kisha shika pale unapopita mkanda utikise: kiti kisisogee zaidi ya inchi moja.

3. Mikanda ya kiti imkae mtoto mwilini, usiweze kuifinya begani ukapata kikunjo. Blanketi lije juu baada ya kumfunga, lisiwe chini ya mikanda.

4. Aliyekua lakini hajafika sentimita 150 aongezewe kiti cha kuinulia, ili mkanda upite begani na nyongani, usipite shingoni na tumboni.

5. Safu ya tatu ni ya watoto wakubwa wanaojua kujifunga na kujifungua. Kiti cha mdogo kisiwekwe upande ambao kiti cha kati hukunjwa ili watu wapite, maana siku ya hatari walio nyuma hawatatoka. Na mizigo mizito ikae chini, ifungwe.

6. Usinunue kiti kilichotumika bila kujua kama kimewahi kuwa katika ajali.

Kamati za madrasa nazo zisikie. Gari la watu saba linapokodiwa kuwapeleka wanafunzi kumi na wanne kwenye Maulidi, hatuwezi kusema tumebana matumizi. Tumezichezea amana za watu. Bora safari mbili, au watoto nusu wabaki, kuliko mwalimu kurudi na habari ya msiba kwa mzazi aliyemkabidhi mwanawe akiwa mzima.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Hatutaulizwa kama pilau ilifika bila kumwagika. Basi Idd ijayo, kabla ya ufunguo kuzungushwa, baba azunguke gari, afungue kila mlango, aguse kila mkanda. Kisha ndipo ainue mikono asome dua ya safari.